Kutazama sakura Kyoto kwa miguu: fuata maji kutoka Keage hadi Ginkaku-ji

Wengi wanaokwenda Japani kutazama sakura hukosea mahali pawili. Huchagua siku kwenye kalenda miezi sita kabla, kana kwamba maua yamewekeana nao miadi. Halafu huorodhesha mahekalu kwa umaarufu, na saa nne asubuhi unawakuta wamebanana ndani ya basi, wanaona maua dirishani juu ya bega la mtu mwingine. Makosa yote mawili yana dawa: jua aina ya mti unaoufuata, kisha uufikie alfajiri kwa miguu.

Mwongozo huu ni wa Kyoto. Kiini chake ni njia moja ya kilomita nne hivi inayoanzia stesheni ya Keage, inapita hekalu la Nanzen-ji, inaendelea na Tetsugaku no Michi, yaani Njia ya Falsafa, na kuishia mlangoni pa Ginkaku-ji. Njia nzima inaandamana na maji ya mfereji uliochimbwa kutoka ziwa Biwa na kukamilika mwaka 1890. Ukishaelewa maji hayo yanakwenda wapi, hutapotea hata simu ikizima.

Kwanza: ni mti gani?

Sakura si mti mmoja. Unaouona kwenye picha nyingi, wenye maua meupe yenye wekundu wa mbali na usio na jani hata moja, unaitwa Somei Yoshino. Hauzalishwi kwa mbegu. Ni miche ya kubebesha, kizazi baada ya kizazi, kwa hiyo Somei Yoshino wote ni kama mti mmoja uliokatwa vipande na kusambazwa nchi nzima. Ndiyo maana miti ya mtaa mzima hufunguka pamoja na kupukutika pamoja. Faida yake ni mandhari ambayo huwezi kuipata kwa mti mwingine. Hasara yake ni kwamba ukikosa wiki hiyo, umekosa yote kwa mkupuo.

Aina nyingine hazifuati ratiba hiyo, na hapo ndipo mgeni mwerevu anapopata nafuu. Shidare-zakura, wenye matawi yanayoning'inia hadi karibu na ardhi, wengi wao hutangulia kwa siku kadhaa. Beni-shidare, ndugu yao mwenye maua ya waridi iliyokolea, huchelewa. Yae-zakura, wenye petali nyingi zilizosongamana mpaka ua linafanana na kitambaa kilichokunjwa, huja Somei Yoshino wakishaanza kuota majani. Wa mwisho kabisa mjini ni Omuro-zakura wa hekalu la Ninna-ji. Ukizihesabu aina zote, msimu wa Kyoto unakaribia mwezi mzima, kuanzia wiki ya tatu ya Machi hadi katikati ya Aprili. Ukihesabu Somei Yoshino peke yake, una siku saba hadi kumi.

Pili: kusoma utabiri bila kudanganyika

Idara ya Hali ya Hewa ya Japani huchunguza mti mmoja wa mfano katika kila mji inaoufuatilia. Maua matano au sita yakifunguka kwenye mti huo, inatangaza *kaika*, yaani maua yameanza. Asilimia 80 ya matumba yakifunguka, inatangaza *mankai*, yaani yamejaa. Kati ya matangazo hayo mawili hupita wiki moja hivi. Utabiri wa kabla ya hapo hutolewa na kampuni binafsi za hali ya hewa, na hubadilishwa mara nyingi kadiri siku zinavyosogea.

Kwa Kyoto, wastani wa kaika ni Machi 26 na wa mankai ni Aprili 4. Usiushike wastani huo kama Msahafu. Mwaka 2021 mankai ilifika Machi 26, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika kumbukumbu za mji huo zinazorudi nyuma zaidi ya miaka 1,000. Aliyefika Aprili 4 mwaka ule alikuta petali chini.

Kosa la kawaida ni kusikia "sakura zimeanza" ukakimbilia treni siku hiyo hiyo. Siku ya kaika huoni kitu ila matawi makavu yenye madoa. Subiri siku nne au tano. Kwenye tovuti na mbao za stesheni utakutana na maneno machache yanayojirudia, na inafaa uyatambue kwa sura yake hata kama husomi Kijapani:

つぼみ (*tsubomi*): bado ni matumba.
三分咲き (*sanbuzaki*): theluthi hivi yamefunguka.
五分咲き (*gobuzaki*): nusu. Nenda ukitaka utulivu.
満開 (*mankai*): yamejaa.
散り始め (*chirihajime*): yameanza kupukutika. Kwa njia ya mfereji hii ndiyo siku bora, na sababu utaiona mbele.
葉桜 (*hazakura*): majani yameshika. Hamia aina nyingine.

Hofu ya mvua hutiwa chumvi. Mvua ikinyesha maua yakiwa nusu, haiharibu mengi kwa sababu ua changa limeshika vizuri. Inayofagia kila kitu ni mvua yenye upepo baada ya mankai. Baridi nayo ni rafiki: Wajapani wana neno *hanabie*, baridi ya wakati wa maua, na ikishuka wiki hiyo maua hukaa siku kadhaa zaidi.

Tatu: tarehe, viza na mahali pa kulala

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza, na fomu inadai ratiba ya siku kwa siku. Hapa watu hujifunga wenyewe kwa kuandika mji mpya kila siku mbili. Andika Kyoto kama kituo kimoja kwa usiku tano au sita, ukianzia Machi 30 hadi Aprili 5 hivi. Ndani ya siku hizo utahamisha matembezi kulingana na maua, wala hakuna anayekuuliza ulianza na hekalu lipi.

Hoteli za katikati ya Kyoto hupanda bei vibaya msimu huu. Badala ya kugombania mtaa wa Gion, tafuta chumba Yamashina. Ni stesheni moja tu mashariki ya Kyoto kwa treni ya JR, dakika tano, na papo hapo ipo treni ya chini ya ardhi ya laini ya Tozai inayokufikisha Keage kwa vituo viwili. Yaani aliyelala Yamashina hufika mwanzo wa njia yetu kabla ya aliyelala mbele ya stesheni kuu. Tena mfereji huo huo wa ziwa Biwa unapita Yamashina kabla ya kuingia mjini, una sakura kingoni, chini yake yamepandwa maua ya manjano ya haradali, na watu ni wachache. Ukichoka na umati, nyumbani kwako pana sakura.

Nne: njia yenyewe

Mapema Aprili jua la Kyoto huchomoza karibu saa 11:45 alfajiri. Lenga kushuka Keage saa 12 kamili. Kutoka stesheni kuu ya Kyoto, panda laini ya Karasuma hadi Karasuma Oike, badilisha uingie Tozai, shuka Keage. Jumla ni kama dakika 20. Tazama ratiba ya treni za kwanza jioni ya kuamkia safari, hasa Jumapili.

*Saa 12:00, Keage.* Toka mlango namba 1. Dakika moja au mbili mbele yako pana kijishimo cha tofali kinachopita chini ya tuta, kinaitwa Nejirimanpo. Ingia na uangalie dari: tofali hazikulazwa sawa, zimejipinda kama nyuzi za parafujo. Juu yake ilipita reli iliyobeba mashua, kwa mshazari, na fundi alizipinda tofali ili ukuta uhimili mzigo unaokuja upande.

Reli hiyo ndiyo kituo chako cha kwanza. Mfereji ulipofika Keage ulikuta mteremko wa meta 36 ambao mashua isingeweza kuushuka. Wakajenga reli ya meta 582, mashua inapandishwa kwenye kigari cha chuma pamoja na shehena yake, inateremshwa kwa kamba ya winchi. Reli ilianza kazi mwaka 1891 na iliacha mwaka 1948. Leo vyuma vimebaki, na pande zote mbili wamejipanga Somei Yoshino wakubwa ambao matawi yao yanakutana juu. Ni bure na haina lango.

Panda kwanza hadi kileleni kwa barabara ya pembeni, halafu shuka katikati ya reli ukiwa na bonde la mji mbele yako. Tembea juu ya mataruma, usikanyage kokoto zilizolegea: vifundo vingi vya miguu huteguka hapa, hasa vya waliovaa kimono cha kukodi na viatu vyake vya mbao. Dakika 30 zinatosha. Kuanzia saa 2 wanafika maharusi na wapiga picha wao, na hapo tena huwezi kupata reli tupu.

*Saa 12:45, Nanzen-ji.* Kutoka mwisho wa chini wa reli, fuata barabara ya kuelekea milimani, dakika kumi. Uwanja wa hekalu hauna kiingilio. Utapita chini ya lango kubwa liitwalo Sanmon, la mwaka 1628, lenye kimo cha meta 22. Kupanda juu yake kunalipiwa na hufunguliwa saa 2:40 asubuhi. Kama una haraka ya maua, liache.

Usiliache daraja la tofali lililo nyuma, upande wa kulia. Linaitwa Suirokaku, la mwaka 1888, urefu wake karibu meta 93. Watu hupiga picha chini ya matao yake wakaondoka. Panda ngazi za pembeni uone kinachopita juu: maji. Ni tawi la mfereji ule ule wa Keage, linavuka kiwanja cha hekalu juu ya matao. Angalia yanakoelekea. Ni kaskazini, kinyume na mito ya Kyoto ambayo karibu yote hushuka kusini. Yatapotea nyuma ya mlima, na utayakuta tena baada ya dakika 15.

*Saa 1:30, Nyakuoji.* Toka Nanzen-ji kwa upande wa kaskazini, pita mbele ya Eikan-do (hilo ni hekalu la majani mekundu ya Novemba, halina la kukuchelewesha leo), endelea hadi daraja dogo la Nyakuoji. Maji yametokeza tena. Hapa ndipo Tetsugaku no Michi inapoanzia kwa anayetoka kusini.

Jina la njia linatokana na mwanafalsafa Nishida Kitaro wa Chuo Kikuu cha Kyoto, aliyezoea kutembea hapa akiwaza. Miti inatokana na mchoraji Hashimoto Kansetsu na mkewe Yone, waliokuwa na makazi karibu na Ginkaku-ji. Mwaka 1921 walitoa miche 300 kama shukrani kwa mji. Somei Yoshino haishi miaka mingi, kwa hiyo mingi ya awali imeshabadilishwa, lakini wenyeji bado wanaiita Kansetsu-zakura.

Urefu ni kilomita mbili kasoro. Kwa mwendo wa kawaida ni nusu saa; kwa mtu mwenye macho ni saa moja na robo. Katikati ya njia pamelazwa mawe bapa yaliyong'olewa kwenye reli za tramu za zamani za jiji. Mvua ikinyesha huteleza kama sabuni, basi vaa raba zenye meno.

Kwa nini kusini kwenda kaskazini, wakati vitabu vingi vya wageni huanzia Ginkaku-ji? Kwanza, basi humwaga watu upande wa Ginkaku-ji, kwa hiyo unaanza mbali na umati na kukutana nao ukiwa unamaliza. Pili, njia iko chini ya milima ya mashariki na jua huchelewa kuifikia. Asubuhi mwanga ni wa kivuli, laini, haukati nyuso. Tatu ni yale maji. Yanakwenda unakokwenda. Siku ya chirihajime, petali zinapodondoka mferejini, hukusanyika na kusafiri pamoja nawe, mwanzo moja moja, kisha vipande kama vya kanga iliyochanika, hadi pengine mfereji mzima unafunikwa na huoni maji. Wajapani huita *hanaikada*, chelezo cha maua. Tafuta mahali mfereji unapopinda au penye kizingiti kidogo: petali hugandana hapo. Simama darajani, tazama chini, usitazame juu.

Mchepuko mmoja unastahili dakika kumi: Honen-in, ngazi chache kuelekea mlimani karibu na theluthi ya mwisho ya njia. Lango lake lina paa la nyasi lililoota kuvumwani ya kijani, na mara baada yake yapo matuta mawili ya mchanga mweupe yaliyochorwa kwa reki. Pita katikati ya matuta, usiyaguse. Kuingia uwanjani ni bure, na kimya chake ni cha kweli.

*Saa 2:45, Ginkaku-ji.* Lango hufunguliwa saa 2:30, kibaoni limeandikwa 8:30. Tuseme wazi: hili si hekalu la sakura. Ni bustani ya kuvumwani, misonobari na mchanga. Ingia kwa ajili hiyo, au usiingie kabisa na uhifadhi pesa yako. Hekalu lenyewe, licha ya kuitwa la fedha, halijawahi kupakwa fedha.

Kurudi ndiko kunakowaangusha wengi. Saa 4 asubuhi foleni ya basi hapa inaweza kukulia saa nzima. Acha basi, shuka mtaa wa Imadegawa moja kwa moja magharibi kwa dakika 25 hadi stesheni ya Demachiyanagi ya reli ya Keihan. Hapo mito miwili, Kamo na Takano, inaungana. Kuna mawe ya kuvukia, mengine yamechongwa kama kasa, sakura ziko kingoni, na unaruhusiwa kutandika mkeka ukala. Kwenye Tetsugaku no Michi na ndani ya mahekalu huruhusiwi.

Umewahi au umechelewa?

Ukifika kabla ya Machi 28, nenda bustani ya Kyoto Gyoen iliyozunguka kasri la zamani la mfalme. Upande wa kaskazini, kwenye kiwanja kilichokuwa cha ukoo wa Konoe, kuna shidare zinazotangulia mji mzima, na ni bure. Kisha Daigo-ji, laini ile ile ya Tozai hadi kituo cha Daigo na dakika 10 hadi 15 kwa miguu. Hapa ndipo mtawala Toyotomi Hideyoshi alipofanya karamu yake kubwa ya sakura mwaka 1598. Kiingilio cha masika ni kikubwa kuliko cha mahekalu mengi, lakini eneo ni pana, aina ni nyingi, na mnara wake wa ghorofa tano uliokamilika mwaka 951 ndilo jengo kongwe kuliko yote Kyoto.

Ukikuta Somei Yoshino wameshaota majani, tembea Nakaragi no Michi, ukingo wa mto Kamo kando ya bustani ya mimea, kati ya madaraja ya Kitaoji na Kitayama. Meta 800 hivi za beni-shidare zilizofungwa juu ya fremu, unapita chini yake kama kwenye kibanda cha harusi. Bustani ya Heian Jingu, hekalu la Shinto, nayo ni ya beni-shidare.

Baada ya Aprili 10, kimbilio ni Ninna-ji kwa kitreni cha Randen, kituo cha Omuro-Ninnaji. Miti yake ni mifupi, mingi haizidi meta tatu, matawi yakianzia karibu na ardhi. Udongo wa chini ni mfinyanzi mgumu na mizizi haiwezi kuzama. Kwa mgeni ni bahati: maua yako usawa wa pua. Uwanja ambao kwa kawaida ni bure hutozwa kiingilio msimu huu.

Nako kukiisha, usilie. Panda mlimani Yoshino, mkoa wa Nara, ambako miti kama 30,000 hufunguka kwa zamu kutoka chini hadi kileleni, sehemu nne zikipokezana. Au fuata baridi kaskazini: Kakunodate na Hirosaki huwa mwishoni mwa Aprili.

Ua moja, kwa karibu

Kabla ya kupiga picha ya mia moja, tafuta tawi lililo usawa wa macho na uangalie ua moja bila kulishika. Petali ni tano, na ncha ya kila moja ina mkato mdogo, kama imechanwa kwa kucha. Kikonyo ni kirefu, na vikonyo kadhaa hutoka tumba moja. Ukikuta petali za duara na ua limekaa juu ya tawi bila kikonyo, hilo ni *ume*, ndugu wa plamu, ambalo wageni wa Machi hulipiga picha kwa saa nzima wakidhani ndilo.

Sasa tazama moyo wa ua. Likiwa jipya, katikati ni manjano-kijani. Likizeeka, katikati hubadilika kuwa jekundu. Kagua maua ishirini: kama mengi ni mekundu, upepo wa kesho utayachukua, kwa hiyo usiahirishe. Kipimo hiki kinashinda programu yoyote ya simu.

Kuhusu picha: maua haya ni meupe kuliko ulivyotarajia, na chini ya mbingu nyeupe simu huyafanya ya kijivu. Gusa ua kwenye kioo kisha pandisha mwanga kidogo. Bora zaidi, sogea mpaka nyuma ya ua pawe na kitu cheusi: tofali za Suirokaku, mbao za lango, mlima. Mahekalu mengi hukataza miguu ya kamera, na droni usiitoe kabisa.

Usiku

Kiyomizu-dera na To-ji huwashwa taa wiki za sakura. Kwa To-ji, tiketi ya usiku ni tofauti na ya mchana, na aliyeingia mchana hutolewa nje kwanza. To-ji ndiyo rahisi: dakika 15 kwa miguu kutoka stesheni kuu, mnara wa meta 55 na bwawa mbele yake. Picha ya kivuli majini inahitaji upepo uliotulia, basi usiondoke haraka. Kiyomizu-dera nenda kwa miguu kutoka stesheni ya Gion-Shijo, maana basi za huko zimejaa tangu mchana. Uchochoro binafsi wa Gion wenye kibao cha kukataza kuingia, usiingie.

Adabu, mfuko na tumbo

Usivute tawi, usitikise mti petali zianguke, usikanyage shina. Mizizi ya Somei Yoshino iko juu juu, na udongo ukishindiliwa na miguu mti hudhoofika. Mapipa ya taka ni haba. Beba mfuko urudi na taka zako.

Beba sweta na koti la upepo, kwani asubuhi huwa nyuzi 5 hadi 7, na kwa aliyetoka Dar es Salaam au Muscat huo ni barafu. Soksi zisiwe na matundu, utavua viatu. Ukianza kupiga chafya na macho kuwasha, usiilaumu sakura: Machi na Aprili ni msimu wa chavua ya miti ya *sugi* na *hinoki*. Barakoa na vidonge vya mzio vinasaidia.

Uwe na sarafu na noti za yen 1,000, mahekalu mengi hayapokei kadi. Kwa treni na basi nunua kadi ya ICOCA kwenye mashine ya stesheni: yen 2,000, ambamo 500 ni dhamana. Basi unaingia mlango wa nyuma, unalipa mbele unaposhuka, yen 230 eneo la kati. Begi la magurudumu usipande nalo basi. Liache kwenye makabati ya kulipia stesheni, na ujue yenyewe hujaa kabla ya saa 4.

Chakula cha njiani ni *hanami dango*, vidonge vitatu vya unga wa mchele kwenye kijiti, vya waridi, vyeupe na vya kijani. Sakura mochi ya Kyoto ni mchele wa kunata uliojazwa maharage matamu na kuviringwa kwa jani la sakura lililotiwa chumvi, jani linaliwa. Kwa Mwislamu, angalia mambo mawili: *mirin*, ambayo ina kileo na huingia kwenye mchuzi mwingi, tambi za udon zikiwemo, na alama 豚, nguruwe. Saa 12 alfajiri mikahawa ya Keage imefungwa, kwa hiyo nunua chai ya moto na onigiri (donge la wali) jioni ya jana yake au kwenye duka la saa 24 karibu na unapolala.